Mchana wa jua kali, vichochoro na sheria: dhana potofu za kupiga picha miji ya kale

Dhana nyingi kuhusu kupiga picha mitaa ya kale si uongo mtupu. Zina ukweli wa mahali fulani, kisha mtu akaubeba mzimamzima hadi mahali usikofaa.

"Jua la mchana huharibu picha, subiri asubuhi au jioni"

Kwenye uwanja mpana, sawa. Jua la utosini hupausha kuta na kuwatia watu vivuli vyeusi machoni. Ila ndani ya kichochoro chenye kuta ndefu huku na huku, mambo hugeuka. Kichochoro kinachoelekea kaskazini na kusini hakipati jua la maana asubuhi wala jioni: miale huishia karibu na mapaa, huku chini kukibaki kijivu. Inapokaribia saa sita mchana ndipo jua hufika sakafuni. Tena ukuta uliopigwa na jua huurudishia mwanga ukuta wa pili ulio kivulini, na mwanga huo ni laini. Huonyesha chokaa iliyobanduka na nakshi za mlango bila weusi mkali. Mtu akisimama kivulini akautazama ukuta unaong'aa, uso wake hupata mwanga ambao studio huutafuta kwa taa nyingi.

Kichochoro cha mashariki na magharibi kina tabia nyingine. Hicho kifuate jua likiwa chini, maana mara nyingi miale hupita humo kama kwenye bomba. Fungua dira ya simu kabla ya kupanga ratiba ya siku.

Na ile saa ya anga la buluu baada ya machweo, inayosifiwa kila mahali, si saa nzima. Karibu na ikweta jua huzama wima, kwa hiyo mwanga huo hudumu dakika 20 na ushee tu. London mwezi Juni huzidi dakika 40. Ukiwa ikweta, usianze kutafuta pa kusimama baada ya jua kuzama, utakuwa umechelewa.

"Barabara ni ya umma, kwa hiyo piga chochote"

Hii ndiyo inayowaingiza watu matatani. Marekani, kwa jumla, anayeonekana barabarani anaweza kupigwa picha bila kuombwa ruhusa, na wengi hudhani dunia nzima iko hivyo. Ujerumani kuna sheria ya mwaka 1907, ambayo bado inatumika, inayotaka idhini ya mtu kabla picha yake haijasambazwa au kuonyeshwa hadharani. Inasamehe pale mtu anapoonekana kama nyongeza tu ya mandhari. Mpita njia mdogo chini ya mnara hana neno. Uso uliojaza picha nzima ni habari nyingine. Na kuiweka mtandaoni ni kuisambaza, hata kama wanaokufuatilia ni shangazi zako watupu.

Halafu kuna njia ambazo si za umma hata kidogo, ingawa kwa macho hazina tofauti na nyingine. Katika mtaa wa Gion mjini Kyoto, Japani, baadhi ya vichochoro ni mali ya watu binafsi. Mwaka 2019 wenyeji walibandika mabango yanayokataza kupiga picha humo, yakitaja faini ya yen 10,000, baada ya kuchoshwa na wageni wanaowaandama geisha, yaani wasanii wa kike wa jadi, na maiko, wanafunzi wao, wakiwa njiani kwenda kazini. Mwaka 2024 wakaenda mbali zaidi, wakazuia watalii kuingia katika baadhi ya vichochoro hivyo. Barabara kuu ya Hanamikoji ilibaki wazi.

Upande wa pili kuna tishio lililotiwa chumvi: eti kuupiga picha mnara wa Eiffel usiku ni kosa. Gustave Eiffel, mhandisi ambaye kampuni yake iliujenga, alifariki mwaka 1923, na mnara wenyewe haulindwi tena na hakimiliki. Kinacholindwa ni mapambo yake ya taa, na ruhusa huhitajika kwa matumizi ya kikazi. Picha yako ya safari haina mgogoro.

"Lenzi ndefu ndiyo adabu, kwa sababu humsogelei mtu"

Sikubaliani kabisa. Lenzi hiyo huvuta vitu vya mbali, na anayepigwa kwa siri kutoka ng'ambo ya barabara hana nafasi ya kukataa. Ukiwa karibu, kamera ikionekana, mkakutana macho na ukaashiria kwa kichwa kuomba, jibu hupatikana papo hapo. Akikataa, shusha kamera. Watoto wasipigwe bila idhini ya mzazi au mlezi.

"Umati ukiwepo, picha imekufa"

Mwaka 1838 Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya Boulevard du Temple, Paris. Barabara inaonekana tupu, ingawa haikuwa tupu: mwanga uliingia kamerani kwa dakika kadhaa, kwa hiyo waliokuwa wakitembea hawakuacha alama. Aliyeonekana ni mtu aliyetulia, kama vile anang'arishwa viatu. Leo mbinu ni hiyohiyo. Tumia kamera iliyotulia na kichujio cheusi mbele ya lenzi, kinachopunguza mwanga ili picha ichukue muda mrefu, au piga picha nyingi mfululizo uziache programu izichanganye na kuwafuta wanaopita. Ila mji unaoishi watu ukiufuta watu wote, hugeuka jumba la maonyesho. Mimi humwacha mmoja, angalau kuonyesha urefu wa mlango.

"Minara huinama kwa sababu ya lenzi pana"

Huinama pichani kwa sababu umeielekeza kamera juu. Ishike isielekee juu wala chini, rudi nyuma hadi kilele kiingie, kisha kata sakafu iliyozidi. Pasipo nafasi ya kurudi nyuma, acha uwazi pembeni unapopiga, kwa kuwa programu ikinyoosha kuta hula pande zote mbili.