Muuaji si mtumishi wa nyumba

Wasomaji wengi wa riwaya za upelelezi za Kiingereza huamini kwamba muuaji huwa ni mtumishi mkuu wa nyumba, yule anayefungua mlango na kuleta chai. Sivyo. Mwandishi Mmarekani Mary Roberts Rinehart alimfanya mtumishi huyo kuwa muuaji katika riwaya yake The Door (1930), lakini miaka miwili kabla yake mwandishi mwenzake S. S. Van Dine alikwishatoa kanuni 20 za uandishi huu, na ya 11 inakataza mtumishi kuwa mhalifu: ni jibu rahisi mno.

Ukitaka kumbaini muuaji, kanuni ya kwanza kati ya 10 za mwandishi Mwingereza Ronald Knox (1929) inakufaa zaidi: mhalifu atajwe mapema. Basi orodhesha wote waliojitokeza katika sura za mwanzo, kisha kagua nyakati. Saa ya mezani imekutwa imevunjika, mishale imesimama saa 3 na dakika 20 usiku? Usiiamini upesi, mtu anaweza kuisogeza mishale kwanza, ndipo akaivunja. Jiulize dakika hiyo inamfaa nani. Mara nyingi ni yule mwenye mashahidi wengi kwamba wakati huo alikuwa kwingine, na wasomaji hukosea kwa sababu walishamfuta kwenye orodha.