Je, Wajua Kwa Nini Watengenezaji wa Filamu Hawaliachi Jengo la Bradbury?

Ukipita mtaa wa Broadway, katikati ya jiji la Los Angeles, ni rahisi kulipita jengo la Bradbury bila kuligeukia. Kwa nje ni orofa tano za matofali ya kahawia na madirisha ya kawaida, basi. Lakini ingia, vuka kiukumbi chenye kiza cha mlangoni, kisha inua macho. Katikati ya jengo pako wazi kutoka sakafuni hadi juu, na paa lake ni la kioo. Roshani zenye kingo za chuma kilichonakshiwa zinazunguka kila orofa, ngazi zina vidato vya marumaru, na lifti mbili za vizimba vya chuma hupanda na kushuka zikionekana nje nje, nyaya na vyote.

Humu ndimo mhasibu aliyelishwa sumu katika filamu ya D.O.A. (1950) anapomfikia mtu aliyemwekea sumu hiyo na kumpiga risasi. Humu ndimo muuaji wa watoto anapojificha katika M (1951), akisakwa na majambazi wa mjini. Likaja Blade Runner mwaka 1982, na The Artist mwaka 2011. Hollywood ina mafundi wa kujenga seti ya kitu chochote unachokitaka. Kwa nini basi warudi humu humu?

Wengi wakiulizwa huanza na hadithi ya mzimu, nami siwalaumu, maana ni tamu. Lewis Bradbury, tajiri aliyepata mali yake kwenye migodi ya Mexico, alitaka jengo la ofisi litakalobeba jina lake. Inasimuliwa kwamba hakuipenda michoro ya msanifu Sumner Hunt, akamwita George Wyman, mchoraji tu wa ofisini. Wyman akasita. Usiku mmoja yeye na mkewe wakaketi na kibao cha kuwasiliana na wafu, na ndugu yake marehemu, Mark, akamwandikia achukue kazi ya Bradbury, atafanikiwa. Wapo wanahistoria wanaosema sehemu kubwa ya michoro ni ya Hunt, mzimu au hakuna mzimu.

La kuaminika zaidi ni habari ya kitabu. Wyman alikuwa msomaji wa riwaya ya Edward Bellamy, iliyotoka mwaka 1888, kuhusu mtu anayelala na kuamka mwaka 2000. Ndani yake mna jengo la biashara la wakati ujao, ukumbi mpana uliojaa mwanga unaoingia kutoka juu. Kwa hiyo Bradbury, lililofunguliwa mwaka 1893, lilikuwa tangu mwanzo ni ndoto ya karne nyingine. Mwenyewe Bradbury hakuliona limekamilika. Alifariki mwaka 1892, gharama zikiwa zimeshapanda mbali kupita makadirio ya kwanza.

Sasa jiweke nafasi ya mpiga picha. Katika jengo la kawaida la ofisi, kamera ikiwa kwenye korido huona korido hiyo tu. Ukitaka kuonyesha mtu anayekimbizwa kutoka orofa hadi orofa, itabidi ukate picha kila mara, na mtazamaji hupotea hajui nani yuko wapi. Bradbury huweka orofa zote tano ndani ya picha moja. Weka kamera juu kabisa ielekee chini: anayekimbizwa anaonekana sakafuni, mdogo, na anayemsaka yupo orofa ya tatu ameinamia ukingo. Lifti ikianza kupanda, sote tunaiona na tunajua ina mtu, ila aliye juu hajui ni nani. Mashaka yanajengwa na jengo lenyewe, kabla mwigizaji hajasema neno.

The Artist ilitumia umbo hilo hilo kwa jambo jingine kabisa. Nyota wa filamu zisizo na sauti, aliyeanza kuporomoka, anakutana kwenye ngazi na msichana ambaye jina lake linapanda. Yeye anashuka, msichana anapanda, na pande zote watu wanapita na shughuli zao. Hatusikii maneno yao, wala hayahitajiki.

Jengo zuri lililo mbali halipati filamu nyingi, na hapa ndipo sababu isiyo na mapenzi yoyote inapoingia: pesa. Vyama vya wafanyakazi wa filamu vya Los Angeles vinatambua duara la maili 30, takriban kilomita 48, kutoka makutano ya barabara za Beverly na La Cienega. Kazi ikifanyika ndani ya duara, huhesabiwa ni ya nyumbani. Ikitoka nje, mtayarishaji anaanza kulipia safari, malazi na posho. Bradbury limo ndani kabisa ya duara hilo.

Na umaskini wa mtaa ulisaidia, ingawa ni vigumu kulisema hilo bila kuwahurumia walioishi nao. Baada ya vita vya pili vya dunia wenye fedha walihamia magharibi ya jiji, na orofa za juu za majengo ya Broadway zikabaki tupu. Jirani tu, kwenye kilima cha Bunker Hill, nyumba za zamani zilivunjwa kupisha majengo marefu. Bradbury lilichakaa, lakini halikuguswa.

Waliotengeneza Blade Runner waliutumia uchakavu huo, kisha wakauzidisha. Hadithi yao ni ya Los Angeles ya mwaka 2019, nao wakalifanya jengo kuwa gofu linalovujiwa na mvua, anamoishi fundi mpweke wa wanasesere. Walipiga picha usiku, wakileta taka na moshi, na asubuhi ilibidi pawe safi kwa ajili ya wapangaji wa ofisi. Taa kali zinazopita juu ya paa la kioo na kumulika ndani ndizo watu wanazozikumbuka. Ukitazama vizuri onyesho la nje, utaona pia taa za jumba la sinema la Million Dollar la mwaka 1918, ambalo kweli liko ng'ambo ya barabara.

Jengo lilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwekezaji Ira Yellin alilikarabati. Miongoni mwa wapangaji waliofuata ni kitengo cha polisi kinachochunguza polisi wenzao, jambo ambalo mwandishi wa filamu za upelelezi angeogopa kulibuni. Wageni huingia bure, ila huruhusiwa kufika kituo cha kwanza tu cha ngazi. Juu ya hapo ni ofisi za watu, na mlinzi atakurudisha hata ukimwambia umetoka mbali.