Parokia haiezekwi bati

Jumapili iliyopita, kwenye harambee ya ujenzi, mshereheshaji alitutangazia kwa furaha kwamba "parokia yetu sasa imefika kwenye lenta." Watu wakapiga vigelegele, nami nikapiga makofi huku nimekunja uso. Kabla ya hapo nilishasikia parokia imepakwa rangi, na nyingine eti imeezuliwa na upepo.

Parokia ni watu. Kanuni ya 515 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaieleza kuwa ni jumuiya ya waamini iliyoundwa kwa kudumu ndani ya jimbo, ikakabidhiwa kwa paroko, yaani padre anayeiongoza, chini ya mamlaka ya askofu. Kwa kawaida ina mipaka ya eneo, na ndani ya mipaka hiyo mna vigango, yaani vituo vidogo vya ibada. Ndiyo maana daftari la ubatizo ni la parokia, hata kama wewe ulibatizwa kigangoni chini ya mwembe.

Utamu uko kwenye asili ya neno. Limetoka Kigiriki, paroikia: para ni kando, oikos ni nyumba. Paroikos alikuwa mtu anayeishi katika mji usio wake. Jirani, lakini si mwenyeji. Waraka wa Kwanza wa Petro, 1:17, unapowaambia Wakristo waenende kwa hofu muda wote wanaokaa duniani kama wageni, neno la Kigiriki lililotumika hapo ni hilohilo, paroikia. Kumbe wanaparokia ni wageni waliokaa pamoja. Tofali halimo kabisa. (Kanisa nalo, lililotufikia kupitia Kiarabu, lina mzizi wa Kiaramu wenye maana ya kukusanya, ila hilo lilishakubali kuvaa kuta zamani. Siligombanii.)

Nikilifikiria neno hili huikumbuka Karema, kijiji kilicho kando ya Ziwa Tanganyika. Pale lilianza jengo. Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki. Kuta zilizosimamishwa kwa ajili ya bunduki zikawa makao ya misheni. Lakini kuta hizo hazikuwa parokia. Waliokuja kuijaza misheni ndio waliolipa neno uzito wake: watumwa waliokombolewa, yatima, watu waliokimbia vita, kila mmoja na kwao kwingine. Adrian Atiman alitoka mbali kuliko karibu wote, pande za Mto Niger. Alitekwa utotoni, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, kisha akawatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Huyo ndiye paroikos hasa.

Karema hiyohiyo inasaidia kumaliza ubishi wa pili, wa wale wanaoita kila kanisa kubwa la misheni kathedrali kwa sababu lina mnara. Kathedra ni kiti, kiti cha askofu. Askofu Adolphe Lechaptois aliongoza eneo lote lile akiwa Karema hadi kifo chake mwaka 1917. Baadaye makao ya askofu yakahamia Sumbawanga, na leo Karema ni parokia ya Jimbo la Mpanda. Badiliko hilo halikuhitaji fundi mwashi wala mfuko mmoja wa saruji, maana kilichohama ni kiti. Nenda pia Peramiho ulione kanisa la abasia, yaani la monasteri, lilivyo kubwa, halafu ukumbuke kwamba kanisa kuu la jimbo, ndiyo kathedrali yenyewe, liko Songea mjini.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye kipaza sauti, kilichofika kwenye lenta ni kanisa la parokia. Ni maneno mawili tu ya kuongeza. Mchango wangu wa mabati uko palepale.