Bunduki haitulii kabisa, wala haihitaji kutulia

Wengi wanaoanza kulenga shabaha huamini kwamba mpigaji hodari ni yule anayeishika bunduki ikatulia tuli kama jiwe. Si kweli. Mwili unapumua, moyo unadunda. Kilengeo, kile kifaa cha kulengea kilicho juu ya mtutu, kitacheza tu, hata mikononi mwa bingwa wa Olimpiki. Imani hii ina madhara: mtu hungoja kilengeo kipite katikati ya shabaha, kisha hukivuta kifyatulio ghafla kabla nafasi haijamponyoka. Mvuto huo ndio unaoharibu. Mtutu ukigeuka digrii 1 tu, kwenye umbali wa mita 100 risasi hukosa kwa karibu mita 1.75. Mtikisiko wa kawaida wa mpigaji aliyekaa vizuri ni mdogo mno kuliko huo.

Basi ukubali. Toa pumzi, na kabla ya kuvuta nyingine, bana kifyatulio polepole, moja kwa moja kuja nyuma. Zoezi bora, kwa maoni yangu, halitumii risasi: hakikisha chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) ni tupu, elekeza mtutu upande salama, fyatua, utazame kama kilengeo kimeruka (bunduki ya kaliba .22 iwekewe risasi bandia kwanza, isiumie). Na kuikaba bunduki kwa nguvu? Misuli iliyokazwa hutetemeka zaidi.