Ziwa Nyasa: Mwingereza hakuwa na wa kujadiliana nae

Kila nikisema kazi yangu ni mipaka na ramani swali ni lile lile, eti Ziwa Nyasa ni la nani, Tanzania au Malawi. Wengi wanaanzia 2012, kelele za kibali cha Malawi cha kutafuta mafuta. Hapana, rudi nyuma.

Tarehe 1 Julai 1890 Mjerumani na Mwingereza wanasaini mkataba wa Heligoland wa kugawana maeneo yao Afrika, na ukisoma kipande cha Nyasa mpaka haugusi maji kabisa, unafata ufukwe wa mashariki, unazunguka kaskazini hadi mdomo wa mto Songwe. Nenda Liuli, kijiji cha ufukweni upande wa Tanzania, asubuhi uone maana yake: mama anaanika usipa (dagaa wa ziwa) mchangani, huyo yupo Tanzania, mwanae anaosha sufuria maji yamemfika magotini, huyo kwa mkataba ule kashaingia Malawi. Na ziwa lenyewe hupanda na kushuka, mvua zikizidi mpaka unakufata uani.

Sasa mbona Msumbiji, ziwa hilo hilo, wana kipande chao? Kwasababu 1954 Mreno na Mwingereza walikaa wakachora mstari katikati, visiwa vya Likoma na Chizumulu tu vikabaki vya Nyasaland (Malawi ya leo) japo viko pua na mdomo na Msumbiji. Kwetu Mjerumani alishatimuliwa vita ya kwanza, Tanganyika ikawa chini ya Mwingereza, Nyasaland chini ya Mwingereza, we niambie angejadiliana na nani? Ofisi zake zenyewe zilitoa ramani zenye mstari katikati na zingine zenye mstari ufukweni, ndo maana leo kila upande una ramani yake ya kupunga.

Halafu Malawi inapata uhuru 6 Julai 1964, hata mwezi haujaisha wakuu wa OAU, umoja wa nchi za Afrika, wako Cairo wanapitisha kwamba mipaka ya mkoloni iheshimiwe, na aliyeisukuma hoja ni nani? Nyerere huyo huyo (hapo huwa nacheka peke yangu). 1967 Tanzania inaiandikia Malawi kwamba mpaka ni katikati ya ziwa, Banda, rais wa Malawi, kwanza akawa mpole, baadae akakataa kabisa, na 1968 akageuza kibao akaanza kudai hadi Songea na Mbeya.

Ningekuwa wakili wa Tanzania ningeng'ang'ania kifungu cha 6 cha mkataba ule ule, kinaruhusu mistari irekebishwe kulingana na mahitaji ya mahali. Ila kinasema kwa makubaliano, na hayo ndo hata msuluhishi Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, alikaa na pande zote mbili asiyapate.