Dhana potofu kuhusu Okonkwo, maana huyu jamaa anasingiziwa sana

Kila ikitajwa Things Fall Apart, riwaya ya Mnigeria Chinua Achebe, ile ya 1958 ambayo Clement Ndulute aliitafsiri ikaitwa Hamkani si Shwari Tena, lazima atokee mtu aseme Okonkwo, mhusika mkuu, ni shujaa wa mila zetu, alikufa akizitetea. Na mwingine atajibu hapana, yule ni katili tu anayepiga wake zake, basi ugomvi unaanza hapo na hakuna hata mmoja anayefungua kitabu. Ebu tuzipitie hizi dhana.

Dhana: Okonkwo alikufa akitetea mila za Waigbo, kabila lake kule Nigeria

Hii ndo mama wa zote. Ukweli ni kwamba ukisoma taratibu utaona mila zenyewe zilikuwa zinamvuta shati huyu bwana muda wote na yeye hasikii. Chukua Wiki ya Amani, wiki moja kabla ya kupanda viazi vikuu ambayo Umuofia nzima, kijijini kwa Okonkwo, hakuna kupigana wala kutukanana, ardhi ni ya mungu wao wa kike Ani na ukimuudhi mavuno yanaharibika ya watu wote. Okonkwo kampiga Ojiugo, mke mdogo, kisa kaenda kusuka nywele akachelewa kupika, na wake wenzake wanamkumbusha jamani hii ni wiki takatifu, yeye anaendelea tu manake akishaanza kipigo haachi katikati. Kuhani wa Ani akaja, akakataa hata kula kola, ile njugu ya kumkaribishia mgeni, nyumbani kwake, akamtoza mbuzi jike, kuku, kipande cha kitambaa na kauri mia moja (zile simbi walizotumia kama pesa). Sasa huyo ndo mtetezi wa mila?

Alafu kuna Ikemefuna, mtoto aliyetolewa na kijiji cha Mbaino kama fidia ya damu, akakaa kwa Okonkwo miaka mitatu na kumwita baba. Kauli ya miungu ilipotoka kwamba auawe, mzee Ezeudu, mtu mzima anayeheshimika kijijini, alikuja mwenyewe kumwonya Okonkwo kwamba huyo mtoto anakuita baba, usitie mkono wako kwenye kifo chake. Mzee wa mila kabisa huyo. Okonkwo akaenda, na yule mtoto aliposhambuliwa akakimbilia kwake akimlilia baba, yeye ndo akamkata kwa panga. Kitabu kinasema sababu waziwazi: aliogopa kuonekana dhaifu. Rafiki yake Obierika alimwambia baadaye kwamba hata mungu angeamuru mwanangu auawe nisingebisha, ila nisingekuwa mimi wa kumuua, yani mila ilikuwa na mlango wa kutokea na Okonkwo hakuutaka.

Kinachomwendesha Okonkwo ni baba yake Unoka na si mila. Unoka ni yule tunayemwita mwanaume suruali, anapenda filimbi na mvinyo wa mitende, madeni kila kona, siku jirani kaja kudai kauri mia mbili akamwonyesha ukuta umejaa mistari ya chaki ya watu wanaomdai yeye, akasema nalipa madeni makubwa kwanza (mimi hapa nilicheka sana, samahani). Okonkwo akajiapiza kuchukia kila kitu baba alichokipenda, upole umo humo humo. Kwahiyo akiona upole wowote, wa mtoto, wa rafiki, wa mila yenyewe, anauona sura ya Unoka.

Na mwisho akajinyonga, kitu ambacho kwa watu wake ni chukizo kubwa kwa ardhi, ndugu zake hawaruhusiwi hata kumgusa, ikabidi Obierika amwombe DC mzungu watu wake wamshushe mtini na wamzike, manake mgeni tu ndo anaweza. Mtu anayeitwa shujaa wa mila akazikwa na wageni kwa sababu ya mila. Achebe hakuweka hilo kwa bahati mbaya.

Dhana: mila zilikuwa zimeganda, mabadiliko yaliletwa na wazungu

Si kweli, na ushahidi uko mapema kabisa kabla mzungu hajatajwa kama mtu wa maana. Okonkwo alipotozwa faini ile, mzee Ezeudu huyo huyo alisema adhabu za siku hizi zimelegea, zamani za baba zake aliyevunja amani alikuwa anaburutwa chini kijiji kizima mpaka anakufa, ila ikaachwa kwa sababu iliharibu amani ile ile iliyotakiwa kulindwa. Watu waliona sheria inajipinga wakaibadilisha wenyewe. Obierika nae, siku Okonkwo anafukuzwa Umuofia miaka saba kwa sababu bunduki yake ilimlipukia mtoto wa marehemu Ezeudu msibani akamuua bila kukusudia, Obierika anashiriki kubomoa nyumba ya rafiki yake kama sheria inavyotaka, alafu anakaa peke yake anajiuliza mbona mtu ateseke hivi kwa kosa ambalo hakulikusudia. Anakumbuka pia watoto wake mapacha waliotupwa msituni kwa sababu mila iliona mapacha ni chukizo, walikuwa na kosa gani? Jibu hakupata.

Dhana: wamisionari ndo walimwiba Nwoye

Nwoye, mtoto wa kiume wa Okonkwo, alishatoka nyumbani kwa baba yake moyoni siku Ikemefuna alipouawa. Wale wawili walikuwa kama ndugu, wanalala pamoja, wanakula pamoja, na baba karudi bila yule mwenzake, hakuna aliyemwambia ila alijua tu. Kabla ya hapo aliwahi kusikia vilio vya mapacha waliotupwa porini. Miaka imepita, familia iko uhamishoni ujombani kwa Okonkwo kule Mbanta, wamisionari wanaimba kuhusu ndugu walioketi gizani kwa hofu, na Nwoye hakuelewa hata hoja zao za Utatu, kitabu kinasema hivyo, ni wimbo tu uliomgusa pale palipokuwa panauma. Wamisionari walikuta mlango umeshafunguliwa na panga la baba mtu.

Dhana: wanawake hawakuwa na sauti

Hii haraka haraka. Chielo kuhani wa kike alimbeba usiku Ezinma, binti wa Okonkwo, Okonkwo mbabe wa vita akabaki kufuata nyuma kimya kimya kwa wasiwasi. Na aliyeharibikiwa kwa baba anakimbilia wapi? Kwa ndugu wa mama, na mjomba Uchendu alimpa Okonkwo somo hilo mbele za watu. Nje ya riwaya, 1929 wanawake wa Igbo na majirani zao waliinukia watawala waliowekwa na Waingereza kwa hofu ya kutozwa kodi, zaidi ya hamsini wakapigwa risasi. Mfumo dume ulikuwepo, ndio, ila sauti ilikuwepo pia.

Dhana: Umuofia walikuwa waoga, walimsaliti

Okonkwo alimkata kichwa tarishi mkuu wa serikali akitegemea kijiji kinainuka, watu wakawaacha matarishi wengine wakimbie, wakaulizana kwa nini kafanya vile. Uoga? Habari za Abame, kijiji kingine, walikuwa nazo, watu wa huko walimuua mzungu mmoja mwenye baiskeli na baadae soko zima likazungukwa likapigwa risasi. Hilo lina mzizi wa kweli, daktari Mwingereza aliyeitwa Stewart aliuawa eneo la Ahiara 1905 na msafara wa kijeshi ukafuata kuwaadhibu wenyeji. Watu walikuwa wanapiga hesabu, na hesabu haikuwa ngumu.

Dhana: mila ilishindwa, usasa ukashinda, stori ikaisha

Soma kitabu kilichofuata cha Achebe, No Longer at Ease, cha 1960. Nwoye yumo, sasa ni mzee Isaac Okonkwo, katekista mstaafu, na aliposikia baba yake kajinyonga alisema waishio kwa upanga hufa kwa upanga. Mwanae Obi karudi na digrii kutoka Uingereza anataka kumuoa Clara, ambae ni osu, lile tabaka lililotengwa kwa sababu babu zao waliwekwa wakfu kwa miungu. Kanisa alilojiunga nalo Nwoye kule Mbanta ndo lililowakaribisha osu huku waumini wengine wananung'unika. Serikali ya Nigeria ya Mashariki nayo ilishapiga marufuku ubaguzi huo kwa sheria 1956. Na Isaac, mtu aliyelaaniwa na baba yake kwa kuacha mila, akamwambia mwanae huwezi kumuoa huyo. Sasa nyie wa "mila dhidi ya usasa", mzee Isaac mnamweka timu gani?