Hapana, rada yetu haipigi ardhi eksirei

Wiki iliyopita alikuwa shemeji, kwenye simu. Kabla yake wanafunzi, na kabla yao mzee mmoja aliyetutembelea hapa Fairbanks, Alaska, tunakopima kwa rada ya ndege jinsi ardhi iliyoganda inavyolainika. Wote swali moja: "Kwa hiyo ndege ikipita, mnaiona barafu yote iliyoko chini?" Hatuioni. Kulijibu kwa mdomo nimechoka, sasa naliandika.

Dhana: rada inapenya ardhi na kupiga picha ya barafu

UAVSAR, rada ya NASA inayofungwa chini ya tumbo la ndege aina ya Gulfstream III, hurusha mawimbi yenye urefu wa sentimita 24 hivi, kutoka kimo cha kilomita 12 na ushei. Mawimbi hayo hupita majani na vijiti bila taabu. Yakikuta udongo uliolowa, basi, safari imeishia hapo juujuu. Na majira ya joto huku kaskazini, tabaka la juu, lile linalolainika kila mwaka, mara nyingi ni tope, maana maji hayana pa kwenda: chini kumezibwa na ardhi iliyoganda. Yaani kile unachotaka nikione ndicho kinachonifungia pazia.

Tunachopima ni kushuka kwa uso wa ardhi. Barafu ikigeuka maji, ujazo hupungua kwa karibu asilimia 8. Chukua udongo uliolainika hadi kina cha sentimita 50, nusu yake ikiwa barafu. Barafu hiyo ikiyeyuka, uso unashuka sentimita 2 hivi. Mwaka 2017 ndege ilipita Juni, ikarudi Septemba kwenye njia zilezile. Otopailoti yake, yaani mtambo unaojiendesha, huishikilia ndani ya bomba la kufikirika lenye kipenyo cha mita 10. Tunalinganisha awamu za mawimbi ya safari hizo mbili, yaani kila wimbi lilirudi likiwa hatua gani ya kupanda na kushuka kwake, tunapata mshuko, halafu kutokana na mshuko tunakisia kina cha tabaka lililolainika. Tunakisia, narudia. Ukidhani udongo umejaa maji kumbe ni mkavu, hesabu itakupa kina kidogo kuliko kilivyo. Tena mshuko wenyewe hupimwa dhidi ya mahali pasiposogea, mwamba kwa mfano. Ukichagua mahali panaposogea, ramani nzima imekwenda kombo, na bado itapendeza macho.

Ndiyo maana mwanafunzi akiniletea ramani ya rangi nzuri namuuliza jambo moja: nondo iko wapi? Ni nondo nyembamba yenye mpini, unaichomeka ardhini mwishoni mwa Agosti hadi igonge pagumu, kisha unasoma kina. Kazi ya mbu na magoti yaliyolowa. Kwenye changarawe inadanganya, maana jiwe nalo ni gumu. Lakini ambaye hajawahi kuishika asinieleze habari za ramani.

Dhana: "ardhi iliyoganda daima" ni barafu tupu, na inayeyuka

Ardhi iliyoganda daima, yaani permafrost, ni ardhi yoyote iliyokaa kwenye nyuzi 0 za Selsiasi au chini yake kwa angalau miaka 2 mfululizo, hata mwamba mkavu. Nayo ni kama nyama: ukiitoa kwenye friza haiyeyuki, inalainika. Kinachoyeyuka ni barafu iliyomo. Ukiisahau nyama mezani, inaoza. Hapo ndipo penye shida: mabaki ya mimea yaliyomo ardhini yakioza hutoa gesi, na ardhi hiyo imehifadhi kaboni inayokadiriwa kufika tani bilioni 1,460 hadi 1,600, karibu mara 2 ya iliyomo hewani.

Halafu huja wa "bomu la methani", wanaodhani gesi hiyo inayoongeza joto duniani italipuka yote kwa mara moja. Kuoza huko ni kwa miongo, hakuna kishindo. Rada haipimi gesi hata chembe. Hiyo ni kazi ya spektromita, kifaa kinachoitambua gesi kwa mwanga, nayo huruka kwa ndege nyingine. Sisi tunaonyesha mahali palipofurika. Wimbi likidunda kwenye maji, kisha kwenye shina la mti, hurudi na nguvu, na msitu uliosimama majini unang'aa kwenye picha. Huko majini, kusikokuwa na oksijeni, ndiko methani hutengenezwa.

Dhana: ni joto la hewa peke yake

Na moto je? Mwaka 2007 moto wa Anaktuvuk River, kaskazini mwa Alaska, uliunguza kilomita za mraba 1,000 hivi za tundra, nyika ya baridi isiyo na miti. Zulia la mimea midogo na majani yaliyooza nusu, lililoikinga ardhi na joto, liliungua. Ardhi iliendelea kutitia miaka mingi baadaye.

Dhana: setilaiti zimeifanya ndege kuwa kizee

NISAR, setilaiti ya rada ya NASA na shirika la anga la India, ilirushwa kutoka India Julai 2025 na hupita mahali palepale kila siku 12. Nzuri sana, na UAVSAR ndiyo iliyotumika kuiandalia njia. Lakini setilaiti haikungojei. Ndege naipangia iruke siku ambayo watu wangu wapo chini na nondo zao. Tena ndege huenda unakoitaka: rada hiyohiyo ilipelekwa Gabon mwaka 2016 kupima misitu.

Mawingu na giza haviisumbui rada. Mvua ya jana ndiyo inanikera, kwa sababu udongo uliolowa ghafla huharibu ulinganisho wa safari mbili, halafu mtu ananiambia ardhi imesogea.

Shemeji alimalizia kwa kuuliza kama kuna kazi ya kushika nondo. Ipo. Aje na chandarua cha kichwani.